Pilau Huanzia Kizimbani

Mimi ni mpishi wa shughuli. Temeke wananijua kwa masufuria na kwa pilau ya harusi, kazi niliyoirithi kwa shangazi yangu. Viungo nimevishika maisha yangu yote: nimevichambua kwenye ungo, nimevikaanga, nimevitwanga kwenye kinu mpaka mkono ukafa ganzi. Lakini vyote hivyo nilivijua vikiwa vimekwisha kukauka, ndani ya magunia ya Kariakoo. Miti yenyewe nilikuwa sijaiona. Naamini wengi wanaosoma jarida hili wako hivyo hivyo. Tunakula pilau Idi, tunakula maulidini, tunakunywa chai ya iliki kila asubuhi, na mtoto akiuliza iliki inaota wapi, hatuna la kumjibu.

Ndiyo maana nawaandikia juu ya mashamba ya viungo ya Unguja. Nimeyatembelea na mjukuu wangu wa darasa la tano, na nimetoka huko nikiwa na jambo moja moyoni: lile ni darasa letu sisi tunaokula viungo hivi, na tumewaachia wageni.

Kutoka mjini unashika barabara ya Bububu, bahari ikiwa kushoto kwako, kisha unakata kulia kuingia ndani ya kisiwa kuelekea Kidichi na Kizimbani. Ukiwa na nafasi simama Kidichi uone hamamu ambayo Sultani Seyyid Said alimjengea mkewe wa Kiajemi mwaka 1850. Ukiendelea mbele kidogo unaanza kuona vibao vya mashamba. Mengine ni ya watu binafsi, mengine yako kwenye ardhi ya serikali, na hapo hapo Kizimbani kuna kituo cha utafiti wa kilimo na chuo cha kilimo. Unalipa kiingilio, unapewa mtu wa kukutembeza, mnaingia.

Usitarajie mistari. Mgomba uko chini ya mfenesi, mpilipili manga umeparamia shina la mti mwingine, iliki zimekaa kivulini, mchaichai uko pembeni mwa njia. Nilidhani ni uzembe wa mwenye shamba, kijana aliyetutembeza akanieleza kwamba kila mmea umewekwa unapopataka. Iliki na vanila hazipendi jua kali, kwa hiyo lazima ziwe na kitu kirefu cha kuzifunika. Mpilipili manga hauna shina la kusimama wenyewe, kwa hiyo lazima upate mti wa kupanda. Shamba zima limepangwa kwa kivuli.

Na kwa nini mashamba yako huku, yasiwe Paje au Makunduchi? Jibu liko chini ya miguu. Mashariki na kusini mwa Unguja sehemu kubwa ni uwanda, yaani mawe ya matumbawe yaliyofunikwa na udongo mwembamba ambao mizizi ya mti mkubwa haiwezi kuuzamia. Upande huu wa magharibi udongo una kina, ukiwamo ule mwekundu ambao wenyeji wanauita kinongo, na mvua ni nyingi zaidi. Mjukuu wangu aliufinyanga mkononi akaona unavyoshikana. Somo la udongo analo kwenye daftari tangu mwaka jana, na sasa akalipata kiganjani.

Tulianzia kwenye mkarafuu, na hapo ndipo tulipokaa sana.

Mkarafuu ni mti mrefu wenye majani yanayong'aa, na ukilivunja jani lake tu tayari harufu ya pilau imekujia. Hautokei hapa. Kwao ni visiwa vya Maluku, Indonesia, ambako Waholanzi waliulinda kwa miaka mingi mche wala mbegu visitoke nje. Mwaka 1770 Wafaransa walifanikiwa kuufikisha Mauritius, ukaenda Réunion, na mwanzoni mwa karne ya 19 ukaingia Unguja. Mashamba ya kwanza yalikuwa Mtoni na hapa Kizimbani. Seyyid Said alipohamishia makao yake Unguja kutoka Muscat, aliona faida iliyomo akawaamuru wenye mashamba wapande mikarafuu mitatu kwa kila mnazi mmoja. Kwa muda mfupi kisiwa kikageuka msitu wa karafuu, na Zanzibar ikawa ndiyo inayoilisha dunia.

Nilimuuliza kijana: "Na waliopanda walikuwa nani, mwanangu?" Akanijibu, "Watumwa, bibi. Wengi walitoka huko kwenu bara." Hilo sharti lisemwe na mtoto alisikie palepale kwenye mti. Watu walitolewa Ziwa Nyasa na kwingineko, wakatembezwa mpaka pwani, wakavushwa, wakaja kulima, kupalilia na kuchuma mazao ambayo hawakulipwa hata senti. Soko la watumwa la Mkunazini lilifungwa mwaka 1873, na utumwa wenyewe ukaondolewa kisheria Unguja na Pemba mwaka 1897. Baada ya Mapinduzi ya 1964 mashamba makubwa yalitwaliwa, ardhi ikagawiwa kwa wananchi eka tatu tatu. Mikarafuu mingi ya wakulima wa leo imesimama kwenye eka hizo. Mimi sasa nikishika karafuu nayakumbuka haya, na sioni kwa nini nisiyakumbuke.

Kuna tukio jingine lililobadili ramani ya karafuu. Mwaka 1872 kimbunga kikali kiliipiga Unguja kikang'oa sehemu kubwa ya mikarafuu yake. Pemba ilinusurika kwa kiasi kikubwa. Tangu hapo Pemba ndiyo yenye karafuu nyingi, na ukisikia karafuu za Zanzibar leo, elewa kwamba nyingi zimechumwa Pemba.

Sasa tufike kwenye karafuu yenyewe. Ile punje tunayoitia kwenye mafuta ya moto ni ua ambalo halijafunguka. Kichwa chake cha mviringo ni petali zilizojikunja. Hilo sikulijua, na nimepika nazo tangu nikiwa msichana. Maua hutoka kwa vishada, ya kijani kwanza, kisha yanaanza kupata wekundu, na hapo ndipo mchumaji anapopanda. Akichelewa, ua linafunguka na thamani imekwenda. Likiachwa zaidi linakuwa tunda, ambalo wenyewe wanaliita mpeta, na hilo ni la mbegu.

Kuchuma ni kazi ya hatari. Mti ni mrefu, tawi la mkarafuu huvunjika kirahisi, na kila mwaka wapo wanaoanguka. Vishada vikishushwa, jioni familia nzima inakaa kuchambua: karafuu upande mmoja, vikonyo upande mwingine. Vikonyo hivyo, makonyo, havitupwi. Vina mafuta yake, na Pemba kuna kiwanda huko Wawi kinachoyakamua. Karafuu zenyewe huanikwa juu ya majamvi kwa siku kadhaa, zikigeuzwa geuzwa, zikikimbizwa ndani mvua ikitishia, mpaka zigeuke hudhurungi na zikatike vizuri ukizikunja. Zikishakauka, theluthi mbili ya uzito wake imepotea. Mtu aliyechuma kilo tatu anakwenda kuuza moja. Nilipolisikia hilo niliacha kulalamika juu ya bei, kwani nimeona bei hiyo inatokana na nini.

Hapa nataka niseme na wapishi wenzangu na akina mama wote wanaonunua viungo, kwa sababu shambani nilijifunza mambo ya kuyatumia sokoni. Karafuu nzuri ina kichwa chake. Ibonyeze kwa kucha, itatoa mafuta. Itie kwenye glasi ya maji: iliyo nzima huzama au husimama wima, iliyokwisha kukamuliwa mafuta huelea imelala. Karafuu nyepesi iliyopauka na kusinyaa ilianikwa vibaya ikachacha kabla ya kukauka. Na nunua viungo vizima, usage mwenyewe. Kilichosagwa tayari huwezi kujua kimechanganywa na nini.

Mdalasini nao una somo lake. Tunachokula ni gamba la mti, lakini kijana alikwangua shina kwa kisu akatupa tunuse, kisha akachimbua kipande cha mzizi. Mzizi wa mdalasini unanukia kafuri, ile harufu ya dawa ya kuchua kifua, tofauti kabisa na gamba lake. Jani nalo lina harufu ya tatu, iliyo karibu na karafuu. Mti mmoja, harufu tatu. Mti ukikatwa vizuri huchipua tena matawi mapya, na hayo ndiyo yanayotoa gamba jembamba lililo bora. Mdalasini wa kweli ukikauka hujikunja kwa matabaka mengi membamba, unavunjika kwa vidole. Ule mnene, mgumu kama mbao, wa tabaka moja, ni wa mti wa jamaa yake, mkali zaidi na wa bei ndogo. Yote miwili huliwa. Ila kwenye chai na vitafunwa vya sukari mimi sasa natafuta ule mwembamba.

Iliki ilimshangaza mjukuu wangu kuliko vyote. Majani yake ni marefu kupita mtu mzima, naye akawa anatafuta matunda juu. Yako chini, kwenye vikonyo vinavyotambaa juu ya udongo. Mchumaji wa iliki anainama siku nzima, anachuma punje moja moja, na lazima azichume zikiwa kijani kabla hazijapasuka. Ndiyo maana iliki ni ghali.

Pilipili manga nitaisema kwa ufupi kwa kuwa wengi wanaigombania bila sababu: nyeusi, nyeupe na ya kijani zote zimetoka kwenye mtambaa mmoja. Ukiichuma mbichi ukaianika na ganda lake, inakuwa nyeusi. Ukiiacha iive ikawa nyekundu, ukailoweka na kuimenya, unapata nyeupe. Kungumanga ni kokwa la tunda la manjano lenye ukubwa wa ndimu kubwa. Likipasuliwa unaona kokwa jeusi limevishwa wavu mwekundu unaong'aa. Wavu huo nao ni kiungo, ndiyo basibasi. Ni kitu kizuri sana kukitazama. Kungumanga ikwanguliwe kidogo tu, maana ikizidi inalevya na kudhuru.

Lakini kama kuna mmea mmoja ambao ningependa kila mtoto asimuliwe habari zake, ni vanila.

Vanila ni okidi inayotambaa. Kwao ni Mexico, na huko kuna nyuki wadogo wanaoichavusha. Ilipopelekwa nchi nyingine ilistawi ikachanua, lakini haikuzaa, kwa sababu nyuki wale hawakuwapo. Wataalamu wa Ulaya walihangaika nayo kwa miaka. Mwaka 1841, katika kisiwa cha Réunion, kijana mtumwa wa miaka 12 aitwaye Edmond Albius alipata njia ambayo wakulima wangeweza kuifanya kila siku: aliuinua kwa kijiti utando mdogo ulio ndani ya ua, ule unaotenganisha sehemu ya kiume na ya kike, akazigusanisha kwa kidole gumba. Basi. Wakulima wa Madagascar, wa Uganda na wa kwetu Kagera wanafanya hivyo hivyo mpaka leo, ua moja moja, kwa mkono, na ua lenyewe linafunguka siku moja tu. Ukilikosa asubuhi hiyo, limepita. Tunda linakaa kwenye mtambaa kiasi cha miezi tisa, nalo likichumwa bichi halina harufu yoyote. Harufu inakuja baada ya kuchovywa kwenye maji ya moto, kufunikwa litoke jasho, na kuanikwa kwa wiki nyingi. Albius alikufa maskini mwaka 1880, na watu wengi walitajirika kwa kidole chake.

Kijana alipomaliza kuieleza habari hiyo, mjukuu wangu, naye akiwa karibu na umri ule, alinyamaza, kisha akaomba ashike kijiti. Hakukuwa na ua lililofunguka siku ile. Alionyeshwa tu mahali pa kushika.

Vingine tulivipitia haraka. Manjano tuliichimbua, ikatia vidole rangi ambayo haikutoka mpaka kesho yake. Mzingifuri ulipasuliwa, mbegu zake nyekundu zikapakwa midomoni kwa mtoto. Langilangi ilikuwa imechanua, nami nikaokota maua yaliyoanguka, kwa sababu mwanamke wa pwani haliachi langilangi chini: linaingia kwenye kikuba pamoja na asumini na rehani. Mwisho tukakalishwa kwenye jamvi tukala mafenesi, machungwa na mashelisheli ya kuchemsha, tukanywa chai ya mchaichai na mdalasini.

Nina neno moja kwa watembezaji, nalisema kwa mapenzi. Kundi la wageni lililotutangulia lilionyeshwa kofia za makuti na tai za makuti kwa muda mrefu kuliko lilivyoonyeshwa iliki. Sisi tulipozungumza Kiswahili, na nilipomwambia kijana kazi yangu, alianza kueleza mambo ambayo bila shaka hupata nafasi chache za kuyaeleza: mbolea, magonjwa ya mikarafuu mikongwe, namna ya kuotesha miche, jinsi mama yake anavyochemsha majani ya mdalasini mtu akipata mafua. Ana elimu nyingi kuliko anayoulizwa. Basi ukienda, uliza. Sema unapika, sema unalima, sema unasoma. Muulize pia bei ya wenyeji kabla hujaingia, maana mara nyingi haifanani na ya wageni.

Jioni tulirudi mjini tukaenda Forodhani. Bustani hii ya wazi iko mbele ya Ngome Kongwe na Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Seyyid Barghash mwaka 1883, ambalo sehemu yake iliporomoka Desemba 2020. Bustani ilitengenezwa mwaka 1936 kuadhimisha miaka 25 ya utawala wa Sultani Khalifa bin Haroub, ikachakaa, kisha ikafanyiwa ukarabati mkubwa na Mfuko wa Aga Khan wa Utamaduni na kufunguliwa upya mwaka 2009: njia za mawe, taa, ukuta wa bahari, mahali pa watoto kucheza. Haina kiingilio. Mzee anakaa na gazeti, wanafunzi wanakaa na vitabu, vijana wanapiga mbizi kutoka ukutani maji yakijaa, na jua likizama meza za chakula zinapangwa.

Hapo ndipo nilipoona faida ya asubuhi yetu. Mtoto aliletewa bakuli la urojo akautazama rangi, akasema, "Bibi, hii ni ile manjano tuliyochimba." Akanusa mishkaki akataja pilipili manga. Juisi ya miwa ilipokamuliwa na kipande cha tangawizi, akamweleza muuzaji kwamba tangawizi si mzizi hasa, ni shina linalokaa ardhini, kama alivyoambiwa shambani. Muuzaji akamwongezea juisi. Nimemlisha mtoto huyu miaka yote, na hiyo ndiyo mara ya kwanza kumwona akikijua anachokula.

Asiyeweza kuvuka kwenda Unguja asikate tamaa. Muheza kuna bustani ya mimea ya Amani, iliyoanzishwa na Wajerumani mwaka 1902 katika milima ya Usambara Mashariki kwa ajili ya kujaribu mimea kutoka duniani kote, na vijiji vya huko vinalima iliki, karafuu na mdalasini mpaka leo. Morogoro, milimani upande wa Matombo, wanalima viungo pia. Walioko Nairobi wana Arboretum, shamba la miti lililoanza mwaka 1907 karibu kabisa na katikati ya jiji. Walioko Uganda wana bustani ya Entebbe, kando ya ziwa, tangu 1898. Hakuna hata moja kati ya hizi inayohitaji ndege wala hoteli ya gharama.

Nilisikitika jambo moja Kizimbani. Nyuma yetu walikuja wageni wengine, na nyuma yao wengine, kutoka nchi za mbali. Wanafunzi sikuwaona. Shule zetu zinapeleka watoto ufukweni na mbugani, jambo jema, lakini mtoto wa pwani anaweza kumaliza darasa la saba bila kuuona mkarafuu, mti ulioko kwenye historia anayofundishwa na kwenye sahani anayolia.

Kwa hiyo naomba. Walimu wakuu, kamati za shule, wazazi wa Dar, Tanga, Mombasa na Unguja yenyewe: liwekeni shamba la viungo kwenye ratiba ya safari za masomo. Epukeni masika, kuanzia Machi hadi Mei, njia zinapokuwa tope. Msimu wa karafuu huanza karibu na Julai na huendelea hadi mwanzo wa mwaka. Wavalisheni watoto viatu vya kufunika, wapeni daftari na kalamu, na nendeni wakati karafuu ziko kwenye majamvi.